Kistari Nilichokigeuza Sifuri

Nilipopata kazi katika ofisi moja ya serikali pale Same, miaka michache baada ya Uhuru, mama aliwaambia majirani zetu wa milimani kwamba naandika barua. Sikumsahihisha. Ningemwambia kwamba kazi yangu ni kuchora mvua, angedhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Lakini ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Upare wote ulikuwa na vituo vya kupimia mvua, vingine shuleni, vingine misheni, vingine uani kwa mtu tu aliyejua kusoma na kuandika. Kila kituo kilikuwa na chombo cha shaba mfano wa kopo refu, kimefukiwa nusu ardhini, mdomo wazi. Kila siku saa tatu asubuhi mtunza chombo aliyamimina maji kwenye bilauri yenye alama, akasoma, akaandika kwenye kadi. Mwisho wa mwezi kadi iliteremka Same kwa basi, kwa katekista, kwa yeyote aliyekuwa na safari. Mimi nilizipokea, nikanakili hesabu kwenye daftari kubwa, halafu kutoka kwenye daftari nikachora grafu: karatasi ya miraba midogo, rula, penseli, na mwisho wino mweusi.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mhaya, mtu mrefu wa maneno machache, aliyesomea mambo ya maji ng'ambo. Mwanzoni aliniita "binti". Siasa ya ujamaa ilipokolea akaanza kuniita "ndugu", lakini akijisahau alirudia "binti", nami sikujali.

Grafu yangu ya kwanza aliitazama muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Masika yenu huku Upare," akauliza, "huja mara tatu kwa mwaka?"

Karani aliyenitangulia alizipanga kadi sandukuni kwa alfabeti. Agosti ilikuwa ya kwanza, ikafuata Aprili, kisha Desemba, kisha Februari. Nilizichukua zilivyokuwa, nikatia nukta moja baada ya nyingine, nikaunganisha. Mstari ulipanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Mimi niliyezaliwa huku, niliyepanda maharage na mama yangu tangu nina miaka sita, sikuona kwamba mwaka niliouchora haukuwa mwaka. Nilikuwa nimeangalia karatasi tu.

Nilichora upya. Mwezi uliofuata likaja kosa lingine: mistari ya vituo vyote ilikuwa imelala chini kabisa ya karatasi, imebanana kiasi kwamba huwezi kujua upi ni wa wapi, na juu kabisa, peke yake, nukta moja. Nilidhani nimekosea vipimo vya pembeni. Mkuu wangu hakunipa jibu. Alisema, "Grafu ikilala yote chini, usiilaumu karatasi. Tafuta namba moja iliyo kubwa kuliko haki yake." Nikaitafuta. Ilikuwa inchi moja nukta nne, mtu ameandika kwa penseli butu, nukta haikuonekana, nami nikanakili kumi na nne. Inchi kumi na nne kwa siku moja! Mlima ungeteremka wote barabarani.

Mara nyingine mvua ya kituo kimoja cha upande wa Usangi iliongezeka ghafla, ikawa mara ishirini na tano ya mwaka wa nyuma, na ikaendelea hivyo hivyo mwezi hadi mwezi. Hiyo niliigundua mwenyewe. Walikuwa wamepewa bilauri mpya ya milimita, wakati wengine wote bado walisoma inchi. Nilifurahi siku ile. Nikajiona kwamba sasa nimeijua kazi.

Ndipo yakaja mambo ya Kwakoa.

Miaka ile bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, na mashamba mengi ya tambarare yalikuwa yakipunguza watu. Wakataji waliokuja Upare wakiwa vijana, kutoka Songea, kutoka Kigoma, kutoka Singida, walijikuta hawana kazi, na kwao ni mbali, na wengine walishasahaulika huko kwao. Baadhi yao walikwenda Kwakoa, kule chini upande wa ziwa Jipe, wakafyeka pori, wakajenga, wakaanza kulima. Sasa serikali ilikuwa inapanga vijiji vya ujamaa, na swali likaletwa: je, watu hawa waandikishwe kijiji pale pale walipo, au wahamishiwe mahali pengine, ng'ambo ya reli? Wengine katika kamati ya wilaya walisema Kwakoa ni jangwa, hakufai kuweka watu. Wengine walisema kunafaa. Mkuu wangu akaombwa apeleke kikaoni picha ya mvua ya miaka kumi.

Kazi hiyo akanipa mimi.

Niliifanya kwa wiki tatu. Nilichagua karatasi kubwa kuliko zote, nikachora vituo vitatu: kimoja cha milimani, kimoja cha Same mjini, na Kwakoa. Kila kimoja nilikipa aina yake ya mstari ili visichanganyike. Miezi niliipanga sawasawa, inchi zote nilizigeuza milimita, namba kubwa nilizikagua mara mbili. Nikatia wino. Mkono haukutetemeka hata mahali pamoja. Mpaka leo naamini ilikuwa grafu nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora.

Mstari wa Kwakoa ulikuwa wa chini kuliko mingine, kama kila mtu alivyotarajia. Lakini katika mwaka wa saba uliteremka mpaka chini kabisa, ukagusa sifuri mwezi Machi, ukabaki sifuri Aprili, ukabaki sifuri Mei. Masika nzima bila tone.

Mkuu wangu aliuwekea kidole pale. "Hii itamaliza maneno," alisema. "Mahali masika inapokosekana kabisa, huwezi kuweka watu."

Nilirudi mezani kwangu nikiwa nimeridhika. Ni kesho yake, nikizungusha karatasi ili niandike kichwa cha habari, ndipo jambo likanisumbua. Mwaka ule ule, miezi ile ile, mstari wa milimani ulikuwa umepanda kuliko miaka yote. Nikaukumbuka mwaka wenyewe. Nilikuwa bado shuleni, na tulichelewa kurudi likizoni kwa sababu barabara ya chini ilikatwa na maji. Milima ya Pare na tambarare yake si ndugu wa kuelewana kila mara. Mvua inaweza kunyesha juu na chini kukawa kukavu. Lakini miezi mitatu? Hata tone?

Nikamwendea mkuu wangu, nikamwambia.

"Kwenye daftari imeandikwaje?" akauliza.

"Sifuri."

"Basi ni sifuri."

Nikageuka niende. Labda aliona usoni kwangu kwamba sijaondoka moyoni, ingawa mguu ulishageuka. Akasema, "Alhamisi gari linapeleka mabomba kule. Panda, ukamuulize mwenye chombo. Kikao ni wiki ijayo."

Tulipita Mwanga, tukazunguka milima, tukashuka upande wa pili. Vumbi liliingia mpaka kwenye meno. Mtunza chombo wa Kwakoa nilikuwa naujua mwandiko wake tu: herufi kubwa kubwa, zilizosimama wima, kama mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Nilimkuta ni Mngoni wa miaka hamsini hivi, mkono wa kushoto umepungua vidole viwili. Alikuwa amekata mkonge kwa miaka zaidi ya ishirini, na kusoma alijifunza kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima pale pale kambini.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye unayepokea kadi zangu?"

Nikasema ndimi. Akafurahi kweli. Akamwita mkewe, naye nikamwamkia, akaniletea maji ya kunawa na uji wa mtama. Yule baba akanionyesha chombo chake uani, kimezungushiwa miiba pande zote, mwiba juu ya mwiba, kama zizi dogo.

"Mbona umekizungushia hivi?" nikauliza.

"Si unajua yaliyotokea? Niliwaandikia." Akanitazama kidogo. "Ndovu walikuja kutoka upande wa Jipe, usiku, wakipita kwenda kwenye mahindi ya jirani. Mmoja akakikanyaga. Asubuhi nimekuta shaba imekuwa kama chapati. Nikaomba kingine. Kikaja baada ya miezi mitatu."

"Miezi gani?"

"Masika yote. Machi, Aprili, Mei. Na mwaka wenyewe ulikuwa wa mvua, mwanangu. Mvua! Mto ulibeba daraja la magogo tulilojenga kwa mikono yetu. Mimi nasimama mlangoni naitazama inapita bure, sina cha kupimia."

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Nikakiweka chini.

"Kwenye kadi ulijaza nini?"

"Nilichora kistari. Kila siku kistari. Sikupima, ningeandika nini? Halafu nyuma ya kadi nikaeleza habari ya ndovu."

Nyuma ya kadi. Kwa miaka miwili niliyopokea kadi, na kwa zile za zamani nilizonakili upya kwenye daftari jipya, sikuwahi kuigeuza hata moja. Na vistari niliviona. Navikumbuka vizuri, vimepangwa vyote, vifupi, vimenyooka. Daftari langu lilitaka namba katika kila chumba, na jumla chini ya kila safu, na kistari hakijumlishiki. Nikaandika sifuri. Haikunichukua hata muda wa kufikiri.

Yule baba akaendelea, kwa sauti ile ile ya kawaida.

"Tunasikia tutahamishwa. Wanasema kuna karatasi imeonyesha kwamba hapa masika ilikosekana kabisa mwaka mmoja. Nimewaambia wenzangu, karatasi hiyo haikutoka kwangu, kwa maana mimi ndiye mwenye chombo. Sijui nani kasema."

Habari huwa zinatangulia gari. Grafu ilikuwa bado iko mezani Same, haijaandikwa hata kichwa, na tayari ilikuwa imefika Kwakoa.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na gari linanisubiri, na dereva alishapiga honi mara moja. Lakini mkewe alikuwa amekaa pale, ameshika bakuli, ananingoja nimalize uji wake.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Karatasi ni yangu. Vistari vyako niliviandika sifuri."

Hakukasirika. Ningependelea angekasirika. Alifikiri, akawa kama anayetafuta namna ya kunielewa.

"Kwa nini?" akauliza.

"Sikujua tofauti."

"Sifuri naiandika," alisema polepole. "Kiangazi naiandika siku nyingi sana. Naamka, naangalia ndani ya chombo, pakavu, naandika sifuri. Hiyo nimeiona kwa macho. Kistari sikuona kitu. Si havifanani?"

"Havifanani, baba."

Mkewe akasema, "Maliza uji, mwanangu. Utapoa." Nikaumaliza.

Njia nzima ya kurudi nilipanga maneno ya kumwambia mkuu wangu. Nilifikiria kusema kwamba karani wa zamani ndiye aliyenakili. Alishahamia Tanga, asingejua. Nilifikiria kusema kadi zilikuwa hazisomeki. Tulipofika Same jua lilikuwa limeshainama, naye bado yumo ofisini. Nikaingia, nikasema kama ilivyokuwa.

Akafungua kabati, akatoa sanduku la kadi, akaitafuta ya mwezi Machi wa mwaka ule, akaigeuza. Mwandiko ulikuwa pale, herufi kubwa kubwa: NDOVU AMEKANYAGA CHOMBO. NAOMBA KINGINE. MVUA NI NYINGI.

Aliisoma mara mbili. Kisha akasema, "Na mimi nilipitisha. Nilitia sahihi kila ukurasa wa daftari lako." Baada ya hapo akauliza, "Viko vistari vingine?"

"Sijui."

"Basi tujue."

Tulikuwa na siku nne. Tulizigeuza kadi zote, za vituo vyote, yeye upande mmoja wa meza na mimi upande mwingine. Nyuma ya kadi kulikuwa na dunia ambayo sikuijua. Mwalimu mmoja aliandika kwamba shule ilifungwa kwa surua, hakuna aliyepima. Mwingine alikuwa amekwenda kumzika baba yake Gonja. Mmoja alieleza kwamba nyuki waliingia kwenye chombo, na hakuna aliyethubutu. Misheni moja ilikuwa haipimi Jumapili kwa imani, halafu Jumatatu wakaandika ya siku mbili kwa pamoja. Kwenye grafu zangu Jumatatu kule ilikuwa siku ya mvua kubwa kila wiki, nami nilikuwa nimeona jambo hilo na kulistaajabia, nikadhani ni tabia ya mlima.

Ile karatasi nzuri sikuweza kuirekebisha. Wino haufutiki bila kuchubua. Nilichora nyingine kwa haraka, na haikupendeza kama ile. Mstari wa Kwakoa ulifika Februari ya mwaka wa saba ukakoma. Pakabaki pengo jeupe. Ukaanza tena Juni. Pembeni nikaandika kwa herufi ndogo: chombo kiliharibika, hakuna kipimo.

Kikaoni sikutegemea kuingia. Mkuu wangu aliniambia nibebe karatasi, nikadhani nitaibandika ukutani na kutoka. Akaninong'oneza, "Kaa." Walikuwa wanaume kumi na kitu, na mama mmoja wa umoja wa wanawake. Mwenyekiti wa kikao aliitazama grafu, akauliza kile nilichokiogopa.

"Huu mstari mbona umekatika? Kazi haijakwisha?"

Mkuu wangu alinigeukia. "Aliyechora ataeleza."

Nikasimama. Sauti ilitoka nyembamba. Nikasema kwamba miezi ile hakuna aliyepima, kwa sababu ya ndovu. Wengine wakacheka kidogo. Mzee mmoja wa kamati, ambaye tangu mwanzo alitaka watu wahamishwe, akasema, "Binti, unganisha hapo. Toka nukta hii mpaka ile, mstari mmoja, tuendelee. Grafu yenye tundu tutaionyeshaje mkoani?"

"Nikiunganisha, baba, nitakuwa nimesema najua," nikamjibu. "Na sijui. Aliyekuwa pale anasema mvua ilibeba daraja lao. Lakini hakuwa na chombo, kwa hiyo hata hilo sikulichora."

Yule mama wa umoja wa wanawake akauliza kama miaka mingine, iliyopimwa, masika ilipata kukosekana kabisa. Nikamwambia hapana. Ni haba, nikasema, na miaka miwili ilikuwa haba sana. Mahindi ya huko yatategemea bahati. Lakini haikukosekana.

Waliendelea kubishana mpaka saa ya chakula, nami sikuzungumza tena. Mwisho waliamua kijiji kiandikishwe pale pale Kwakoa, kwa sharti kwamba watu wachimbe mfereji wa kuteremsha maji kutoka mlimani, na juu wajengewe ndiva, lile bwawa letu la Wapare la kukusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana. Sidhani grafu yangu ndiyo iliyowashawishi. Nadhani ile ya kwanza ingewashawishi, na hii ya pili iliwaacha tu wafikiri.

Tulipotoka nje mkuu wangu alinunua chai ya maziwa kwa mama mmoja karibu na stesheni, tukanywa tumesimama. Hakunisifu. Aliniambia kwamba alipokuwa mwanafunzi ng'ambo aliwahi kuchora kina cha mto kichwa chini, mafuriko yakawa ukame, na profesa wake akaitundika ukutani muhula mzima. "Nilikuwa Mwafrika peke yangu darasani," alisema. "Kila asubuhi napita naiona." Ilikuwa mara ya kwanza kunieleza habari zake.

Kijiji cha Kwakoa hakikuwa pepo. Mfereji ulichukua muda mrefu kuliko ilivyosemwa, kwa sababu watu wa juu walikuwa na haki zao za maji tangu babu zao, na ilibidi kuzungumza nao vizuri, pombe ya miwa ikanyweka nyingi. Mwaka wa kwanza mahindi yalikauka, watu wakala mtama na mihogo, na baadhi ya wakataji wa zamani wakaondoka kwenda Moshi kutafuta kazi. Mwaka wa pili walivuna. Nilipokwenda tena, nilimkuta yule baba amechaguliwa katibu wa kijiji, ana daftari la mahudhurio na penseli nyuma ya sikio. Alinilalamikia kwamba wanakijiji hawaji kwenye kazi za pamoja Jumamosi.

Mimi nilikaa ofisi ile miaka sita zaidi. Mkuu wangu alihamishwa mapema, akaja mwingine aliyependa grafu zenye rangi. Karani mpya alipoletwa, binti wa Mbaga aliyemaliza shule mwaka ule, nilimketisha kwenye kiti changu na kumpa rundo la kadi. Akaniuliza aanze na upande gani.

"Anza na nyuma," nikamwambia. Alinitazama kama mtu aliyepewa kazi na mwendawazimu, kisha akaigeuza ya kwanza, akaanza kusoma.